Kitanda Chenye Mabega

Mume wangu alikuwa hajawahi kumpima mtu aliye hai. Ni miaka kumi na tisa sasa anatengeneza majeneza, na fundi aliyemfundisha kazi alimwachia sheria moja tu, kwamba tepu ya karakana haigusi mwili wenye pumzi. Wateja wetu huja na kamba iliyopigwa fundo kwenye urefu wa marehemu, au huja na umri tu. "Ni mzee, mrefu kama wewe, mwembamba." Mume wangu, ambaye sasa naye huitwa Fundi, huitikia kwa kichwa, huingia ndani, huanza kazi. Wa miaka mitatu, wa miaka minane, wa miaka kumi na mitano, vipimo vyote anavyo kichwani, na vigezo vya mbao vimetundikwa ukutani kila kimoja na namba yake. Siku moja nilimwomba anipimie dirisha nishone pazia. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, alinisogeza kwanza kwa mkono, mbali kabisa, ndipo akaifungua hiyo tepu yake.

Mimi kazi yangu ni cherehani. Hushona satini nyeupe inayotandikwa ndani, na mito midogo, na marinda yanayozunguka ukingo. Marinda yangu husifiwa na watu ambao siku hiyo hawana hali ya kusifia kitu chochote. Naliweka hili wazi mapema, ili nitakapofika mbele asije mtu akadhani yaliyotokea ni ya mume wangu peke yake. Nilitamani iwe hivyo. Haikuwa.

Watu hufikiri nyumba yetu ni ya kimya. Waje wakae siku moja. Ina mama mkwe wangu, ambaye sote twamwita Bibi na ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia, na ina binti yetu, tuliyempachika jina la Kasuku kwa sababu tangu alipoanza kusema hajapumzika. Wawili hao walikuwa wakilala kitanda kimoja. Bibi alidai mjukuu anamvuta shuka, mjukuu alidai Bibi anapiga mateke, na kila asubuhi kesi ilifunguliwa upya mbele yangu nikiwa bado sijanawa uso.

Alipokaribia kutimiza miaka minane, Kasuku aliomba vitu viwili. Kitanda chake mwenyewe, na sherehe ya kuzaliwa ambayo watoto wa darasa lake watakuja.

La kitanda lilikuwa jepesi. Baba yake ni seremala. La pili ndilo lililonikaa kooni. Tangu aanze shule hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukanyaga kwetu. Ili kuingia nyumbani ni lazima upitie karakana, na hakuna mzazi aliyetaka mwanawe apite hapo. Dawati moja alikaa na msichana tuliyemjua kwa jina la Miwani, kwa ajili ya miwani yake minene, na huyo Miwani alikuwa hata penseli haipokei ikitoka mkononi mwa Kasuku.

"Wanasema kwetu kuna watu waliokufa kwenye masanduku," aliniambia.

"Waambie hayana mtu. Ni matupu."

"Nimewaambia. Wanasema, sasa yanamngoja nani?"

 Nikamtuma akanawe miguu.

Lakini swali hilo liliniuma. Usiku ule ule nilimwambia mume wangu kwamba mtoto huyu atapata sherehe yake hata kama ni lazima niivunje karakana kwa mikono yangu. Tuliandika kadi nane. Kasuku alizichora maua mwenyewe, akazipeleka shuleni ndani ya daftari zisikunjike, na akarudi anasema wote wamezipokea. Miwani alikuwa ameipokea yake kwa ncha za vidole.

"Baba Kasuku, siku hiyo pasionekane hata msumari," nilisema.

"Msumari una kosa gani?"

"Sitaki msumari, sitaki kigezo, sitaki harufu ya vanishi. Watoto wa watu wakiogopa safari hii, hawarudi tena."

Alikubali. Ni mtu wa kukubali, kazi yake imemfunza kutobishana na watu. Majeneza manne yaliyokuwa tayari tuliyasimamisha chumbani kwetu, tukayafunika mashuka. Moja lilikuwa na bawaba legevu na kifuniko chake kilifunguka chenyewe kila lori lilipopita barabarani. Vigezo alivitoa ukutani, na mahali vilipokuwa pakabaki alama nyeupe za umbo lake, kubwa mpaka ndogo, nami nikaziziba kwa maputo. Ubao wa nje ulioandikwa "Majeneza ya Saizi Zote" tuliugeuza ukatazama ukuta. Bibi alipita hapo, akasimama, akasema sasa tumekuwa karakana ya saizi hakuna.

Kitanda kilitengenezwa kwa siri, nyuma ya mkeka uliotundikwa kwenye kona. Fundi alichagua mbao nzuri kuliko tulizowahi kumuuzia mtu. Alizipiga randa mara tatu. Kwenye ubao wa kichwani alichonga ndege, kasuku mwenye mkia mrefu, kila unyoya na mstari wake, na nilipomchungulia nikamwona anatabasamu peke yake. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona anatabasamu akiwa na patasi mkononi. Nikarudi kwenye cherehani yangu polepole, asijue nimemwona.

Bibi ndiye aliyeuliza swali la maana, na sote wawili tulilisikia.

"Mtoto umempima?"

"Mama, sheria unaijua."

"Sasa urefu wake utaujuaje?"

"Ana miaka minane," mume wangu alijibu. "Wa miaka minane namjua."

Bibi alimtazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, sindano mdomoni, na sikusema kitu. Kwenye nyumba yetu hilo lilikuwa jibu kamili.

Mchana mmoja Kasuku akiwa shuleni, Fundi alinisomea vipimo vya kushonea foronya ya godoro. Alivisoma kutoka kwenye kipande cha ubao alichoandikia, kama anavyofanya siku zote, nami nikaandika kwa chaki kwenye kitambaa, kama nifanyavyo siku zote.

"Kichwani inchi kumi na sita. Mabegani ishirini na mbili. Miguuni kumi na mbili. Urefu futi nne na nusu."

"Marinda?"

"Tia. Apendeze."

Nikashona. Nilitumia satini nyeupe kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo, na nikazungusha marinda ukingo wote, membamba, ya kubana, yale yanayosifiwa. Halafu nikajiambia hapana, kitafanana na kazi, mtoto wa watu ataogopa. Kwa hiyo nikaongeza utepe wa rangi ya waridi. Nilijiona nimekuwa mwangalifu sana. Nilipomaliza nilikunja, nikampa Fundi akaitandike mwenyewe nyuma ya mkeka, nikamcheka moyoni kwamba bila mimi angeweza kumpa mtoto wake kitanda cha mbao tupu. Nyani haoni kundule, wahenga hawakukosea, ila mimi nadhani walikuwa wananisema mimi kwa jina.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kufika saa nane karakana ilikuwa sebule. Meza ya kupigia randa ilivaa kitambaa cha maua, juu yake keki yenye mishumaa minane, biskuti, na majagi mawili ya juisi. Sakafu niliifagia mara nne, na bado kila nikiinama nilikuta unyoya wa mbao. Kasuku alivaa gauni la njano, akachukua kigoda, akakaa mlangoni.

Saa tisa kamili, ndiyo saa iliyoandikwa kwenye kadi, hakuna mtu. Saa tisa na nusu, hakuna mtu. Kasuku aliacha kuongea. Mtu asiyemjua hawezi kuelewa jinsi nilivyoshtuka kwa kimya kile. Bibi akaanza kusema watu wa siku hizi hawana adabu, nikamwomba kwa macho anyamaze, na cha ajabu akanyamaza kweli. Mume wangu alisimama na shati lake safi, mikono ameipeleka nyuma, anatazama barabara kupitia juu ya kichwa cha bintiye. 

Saa kumi kasorobo akatokea Miwani, ameshikwa mkono na mama yake. Mama yake ni karani wa posta, mwanamke wa kusimama wima. Nyuma yao watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, ambao nadhani walikuwa wamejificha kona ya barabara wakingoja kuona nani ataingia kwanza. Wanne kati ya wanane. Mimi ningewapokea hata kama angekuwa mmoja.

"Karibuni, karibuni sana, mama. Karibu ukae."

"Asante, mama. Nitasimama tu, hatukai sana," karani alisema. Mkoba wake ulibaki kwapani. Macho yake yalikwenda kwenye maputo, yakashuka, yakakuta alama nyeupe moja iliyochungulia chini ya puto la bluu, yakakaa hapo.

Lakini watoto ni watoto. Walikunywa juisi, wakamwaga nyingine. Walicheza kiti na muziki kwa redio ya Bibi, na Miwani akashinda, na Kasuku ulimi ukamrudia, akawa anawaelekeza wote la kufanya. Nilimsikia anamwambia Miwani, "Unaona? Hakuna mtu aliyekufa." Miwani akajibu, "Bado sijaangalia kote." Wakacheka wote wawili. Nilikwenda nyuma ya mlango nikafuta macho kwa upindo wa kanga, nikarudi kukata keki.

Ndipo mume wangu akasema zawadi. Hakupenda kuongea mbele za watu, na sauti ilimtoka ndogo. "Binti yangu aliomba kitanda. Nimekitengeneza mwenyewe." Akauondoa mkeka. Kwa pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, tukavuta shuka.

Sijui nilitarajia nini. Makofi, labda.

Niliona kwanza yule ndege, mzuri kweli. Kisha jicho likashuka. Kutoka kichwani mbao zilipanuka mpaka mabegani, kisha zikaanza kusinyaa, zikasinyaa mpaka miguuni, pembe sita, kila pembe imekaa sawasawa kama mkono wake ulivyozoea. Kando zilikuwa zimepanda juu, za kumzuia mtoto asianguke. Ndani, satini nyeupe. Marinda ukingo wote. Mto mdogo. Miguu minne ya kitanda chini yake, na utepe wangu wa waridi.



"Ni jeneza," Miwani alisema taratibu. "Lina miguu."

Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto anayetaja kilichopo.  Mabegani ishirini na mbili, nilikumbuka. Niliandika kwa mkono wangu, kwa chaki, nikashona, nikapiga pasi. Kitanda gani duniani kina mabega? Na mimi ninayejiita mwenye macho ndani ya nyumba hii, ninayemwambia mume wangu asiache hata msumari, sikujiuliza.

Nilitaka kulirudisha shuka. Nakumbuka nilikuwa nimelishika, na nakumbuka mkono haukutii. Kwa sababu Kasuku, ambaye amezaliwa na kukulia katikati ya vitu hivyo na haoni ndani yake cha kuogofya, alikuwa amekwisha kukiparamia kitanda chake. Alivua viatu kwanza, tulivyomfunza. Akajilaza chali. Akanyoosha miguu. Kwa kuogopa kukunja gauni, akaiweka mikono yake sawa kando ya mwili, akafumba macho ili aonje usingizi.

Kilimtosha barabara. Hapakubaki zaidi ya inchi nne.

Nimeona mengi. Nimetandika satini chini ya watu wa kila aina, na wadogo wakiwemo, na nikarudi nyumbani nikala. Lakini nilipomwona binti yangu amelala vile, na marinda yangu yanamgusa mashavu, sikuweza kuangalia pembeni. Nikajua nimemshonea kama ninavyowashonea wale. Kila shono nilitia kwa mapenzi, na nimemshonea.

"Ee Mola wangu," Bibi alisema, akakaa chini pale pale sakafuni.

Karani alikuwa tayari amemshika Miwani mkono. "Tunaomba tuondoke," alisema. Wale wengine watatu walirudi nyuma mpaka mlangoni.

Nikamtazama mume wangu. Nilidhani nitakuta mtu aliyejua, mtu mwenye maelezo. Alikuwa amesimama na shuka mkononi, uso hauna damu. Alikuwa anaiona kazi yake kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilimsoma, alikuwa anataja namba za kigezo cha miaka minane. Alikishusha ukutani, akachora mbao, akakata, na mkono ulikwenda ulikozoea huku roho yake inawaza ndege.

"Baba," Kasuku alisema, macho bado kayafumba, "kizuri. Ila miguuni kinabana. Na mwakani si nitakuwa sienei?"

Hapo ndipo baba yake alipomwendea. Hatua tatu. Akampenyeza mikono chini ya mgongo, akamtoa mle ndani kwa haraka iliyomfanya mtoto apige yowe dogo, akambana kifuani, na nikaona mabega yake makubwa yanatikisika. Mume wangu analia mbele ya watu. Hakulia alipozikwa baba yake. Siku ile alikuwa na jeneza la kutengeneza. Karani aliyekuwa anaondoka alisimama.

Alimshikilia vile kwa muda. Kisha akamshusha, akamsimamisha katikati ya sakafu na soksi zake, akajifuta uso kwa mkono wa shati, na akaingiza mkono mfukoni. Nikaona anatoa tepu.

"Baba Kasuku," nilisema, "usifanye hivyo." Miaka yote nilikuwa nikiicheka ile sheria. Sasa niliiogopa.

"Nilipaswa kumpima," alisema. "Kosa langu ni hilo. Sikumpima."

"Mwanangu, fundi wako alisema nini?" Bibi aliuliza kutoka chini.

"Alisema kuhusu majeneza, Mama. Mimi napima kitanda."

Akapiga goti. Ili tepu ikae sawa inahitaji mtu wa pili, na mimi sikuweza kusogea. Akageuka, akamwona aliye karibu. "Mwanangu, nishikie hapa kwenye kisigino. Usiachie."

Miwani alimtazama mama yake. Vidole vya karani vilifunguka. Mtoto akaja, akachuchumaa, akaibana ncha ya tepu kwa vidole gumba viwili kwenye kisigino cha Kasuku, ulimi umetoka kwa umakini. Fundi akaivuta juu, polepole, akapita gotini, kiunoni, begani, na kila ilipopita nilikuwa naangalia kama mtoto atabadilika. Hakubadilika. Alikuwa anachekacheka kwa sababu ya mtekenyo.

"Simama wima, acha kucheza," Miwani alimwambia.

Tepu ikafika utosini. Fundi akaisoma mara mbili. "Futi nne na inchi mbili." Akachukua penseli nyuma ya sikio, akauvuta ubao mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, ubao ambao ulikuwa umewekewa jeneza la Jumatatu, akaanza kuandika. Nilikwenda nikasimama nyuma yake kuhakikisha, kwa kuwa sikumwamini tena yeye wala sikujiamini mimi. Aliandika upana mmoja tu, futi tatu, juu mpaka chini. Kwenye urefu aliandika futi sita na inchi mbili.

"Umekosea," Kasuku alisema, amechungulia chini ya mkono wake. "Mimi ni nne."

"Sijakosea. Nimeongeza mbili."

"Za nini?"

 Kazi yake haina kuongeza, aliyepimwa amepimwa. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kulisikia jibu alilotoa ndani ya karakana ile, na nadhani hata yeye ilibidi alitafute.

"Za kukulia," alisema.

Nyuma yangu nilisikia kitu kimewekwa mezani. Ulikuwa mkoba wa karani, umekaa kando ya keki. Kasuku alikuwa bado anautazama ubao, anapima kwa macho ile nafasi kutoka nne mpaka sita.

"Zote hizo zangu?"

"Zote zako," baba yake alimwambia, akaenda kuchukua msumeno.